Kadi Iliyobaki Dukani kwa Samy

Waulize watu tuliokuwa jirani nao kule karibu na shimo la mgodi jinsi Mama Kabedi alivyopoteza nyumba yake, watakujibu kwa neno moja: filamu. Watasema mwanamke mzima, mjane, mwimbaji wa kwaya, aliweka rehani kadi yake kwa ajili ya hadithi za Wanigeria, na Mungu akamfundisha. Nimewasikia wakisema hivyo kwenye foleni ya maji. Mimi nikifika hupunguza sauti, kwa sababu wanajua nilikuwa mle sebuleni. Zaidi ya hapo hawajui. Leo nasema mwenyewe, na anayetaka kunitemea mate anitemee.

Mama Kabedi ni mtu wa Kasaji, mji wa reli. Aliletwa Kolwezi na mume wake, Tata Ntambwe, karani wa magazini, yaani ghala, katika kampuni ya zamani ya mgodi. Kampuni ilipolegea na mishahara ikakwama, wafanyakazi waliuziwa nyumba walizokuwa wakikaa. Tata Ntambwe akapata ya kwake: vyumba vitatu, bati, na varanda ya saruji nyekundu ambayo mkewe aliisugua kila Jumamosi kwa nta mpaka mtu akateleza akiingia kwa haraka. Karatasi ya nyumba iliandikwa jina moja tu, Ntambwe, hata jina la ubatizo hawakulitia. Hawakujaliwa mtoto. Mume alipokufa kwa mapafu alimwachia vitu viwili vya maana: nyumba ile, na televisheni pana ambayo aliinunua mwaka wake wa mwisho, akakaa mbele yake akikohoa.

Baada ya matanga, mjane hakuweza kuvumilia Jumapili mchana. Siku nyingine alikuwa na kazi zake, alikuwa akiuza karanga na unga sokoni. Lakini Jumapili, ibada ikiisha, nyumba ilimkalia kifuani. Basi akaanza kukodi filamu, akatuita sisi wanawake watatu wa jirani tukae naye. Mimi naitwa Ndaya, ila mtaani niliitwa Mama Mignonne, kwa jina la binti yangu. Yeye nilimwita Yaya, kama dada mkubwa. Nilikuwa wa kwanza kuitwa na wa mwisho kuondoka.

Msicheke raha ile. Watu wa kwetu walizoea kuona filamu kwenye vibanda vya video, umebanwa kwenye benchi, kijasho cha wachimbaji puani, na kichwa cha mtu mbele yako. Mwenye kibanda ndiye aliyeamua lini ianze na lini iishe. Kwa Mama Kabedi sisi ndio tulikuwa wakubwa wa filamu. Bibi harusi akitokea, tulimsimamisha hapo hapo, tukaikagua mikono ya gauni lake, kisha tukamruhusu aolewe. Bukari, ugali wetu, ikitaka kusongwa, filamu ilingoja. Mtu mwovu akisema neno, tulimrudisha nyuma alirudie, ili tumtukane vizuri. Tulivua viatu mlangoni, tukakalia viti vyenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, bakuli la karanga likazunguka, na munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi, kwenye vikombe. Mama Kabedi alikuwa na sheria moja: aliyekwisha kuona mwisho anyamaze. Alikuwa akilia wa kwanza na kucheka wa kwanza. Kwa saa mbili hakuwa mjane wa mtu.

Filamu zilitoka kwa Samy, mwenye kibanda cha simu pale njia panda. Siku hizi si diski tena, ni flashi. Anakutilia filamu mbili tatu, zenye sauti ya mfasiri juu yake, na unarudisha kabla ya giza. Lakini flashi ni kitu kidogo na watu wa Kolwezi ni wengi, wanakuja na kuondoka kama vumbi la malori. Kwa hiyo Samy hakumpa mtu flashi bila kubakiza kadi yake ya uchaguzi. Kadi ile ndiyo kitambulisho chetu cha pekee. Inabeba picha, jina na anwani. Bila hiyo huandikishi simu, hupokei pesa, na askari akikusimamisha wewe si mtu. Lakini kila mtu aliiacha kwa Samy. Aliziweka kwenye droo yenye kufuli, na hakupata kupoteza hata moja. Sisi tulipokezana: Jumapili hii kadi ya huyu, ijayo ya yule. Jioni flashi ilirudi, kadi ikarudi.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe.

Kwanza mjue kwamba kwa miaka miwili tulikuwa tukiambiwa kampuni mpya itapanua shimo na mtaa wetu utaondolewa. Walikuja wakapaka namba nyekundu milangoni, wakaenda zao. Mvua mbili zikapita, namba zikafutika, tukaacha kuamini. Lakini Ijumaa ile mume wangu, Philippe, fundi wa kuchomea vyuma kwa mkandarasi wa kampuni, alirudi kazini, akafunga mlango ndipo akasema.

"Juma yenye kuja batakuja kuandika manyumba ju ya malipo," aliniambia. "Siku tatu tu, kiisha banafunga. Mwenye hana karte, habamuandike. Karte zetu zisitoke hapa. Na usiseme kwa muntu. Batu bakisikia, batakuja kujenga bijumba bya usiku moja ili bahesabiwe, na shiye tutakosa."

Nikasema ndiyo. Nikaitia kadi yangu kwenye pindo la kitenge, nikaifunga fundo, na ikakaa hapo Jumamosi na Jumapili. Hata kanisani niliipapasa.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu yangu ya kadi.

Kwa Mama Kabedi alikuwepo mgeni: Tata Josias, mdogo wa marehemu, aliyefika Alhamisi kutoka Lubudi na nusu gunia la unga wa mahindi. Alisema amekuja kumsalimu shemeji yake tu. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye kuosha mikono muda mrefu kabla ya kula. Alikaa kwenye kiti cha ndugu yake na hakuna aliyemwambia asikae.

"Mama Mignonne, leo njo zamu yako," Mama Kabedi akaniambia, kitenge cha kanisani bado kiunoni. "Lete karte, niende kwa Samy."

"Yaya, bwana alibeba karte zetu zote mbili," nikasema. "Ju ya kuandikisha namba ya simu."

Uongo ule ulitoka laini. Aliniangalia kidogo, kisha akageuka kuchukua mkoba wake.

"Haina neno. Tutatia yangu."

Hapo ndipo nilipaswa kufungua kinywa. Ningeweza kusema tu, "Yaya, leo tusione filamu." Ningeweza kumvuta jikoni nikamnong'oneza. Alikuwa mtu mmoja, hangejenga kijumba cha usiku mmoja popote. Nilijiambia kwamba jioni kadi itakuwa imerudi, na kwamba watu wa kampuni hawaji siku waliyosema. Nilijiambia pia nisimkosee mume wangu. Ukweli ni kwamba nilitaka filamu, na nilitaka kadi yangu, na nilivipata vyote viwili.

Filamu ilikuwa ya mjane. Msidhani ninatunga, nusu ya filamu zile ni za wajane, na Samy alitutilia yoyote iliyokuwa juu. Mume anakufa, ndugu zake wanakuja na magari meusi, wanambeba mke na masanduku yake, wanamtupa barabarani. Sisi wanawake tulitukana mpaka koo zikakauka. Na Tata Josias alitukana kutushinda. Alipiga mkono wa kiti, akatikisa kichwa.

"Ule haiko muntu, ni nyama ya pori," alisema. "Mali ya mufu ni ya bibi yake. Mungu atamulipa."

Mama Kabedi akampa karanga zaidi. Nakumbuka alimtazama kwa macho ya shukrani, kama mtu aliyeambiwa habari njema ya nyumbani.

Karibu saa kumi, mjane wa filamu amefika mlangoni pa mahakama na mkono ameunyosha kushika kitasa, umeme ukakatika. Tuliguna wote kwa pamoja. Tukangoja. Saa kumi na moja bado. Mama Kabedi akainuka, akaichomoa flashi, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Samy anaingojea," alisema.

"Yaya, leka ilale hapa," nikamwambia. "Ikirudi leo, atapatia batu bengine, na shiye hatutajua kama ule mama alirudishiwa nyumba yake. Kesho asubui kuran ya umeme ikirudi tunaiisha, minaipeleka mi mwenyewe."

Akasita, viatu mkononi. Wenzangu wakaniunga mkono, Tata Josias naye akasema si vizuri kukata hadithi katikati. Mama Kabedi akacheka, akairudisha flashi juu ya kabati. Na mimi nilikuwa na kadi yangu kwenye pindo, imefungwa mafundo mawili.

Jumatatu saa mbili asubuhi magari mawili meupe yalisimama mwanzo wa barabara yetu. Wakatoka watu wenye vizibao na mabegi, wakaanza mlango wa kwanza. Mama Kabedi aliwaona akiwa anafagia. Alitupa ufagio pale pale, akakimbia njia panda na flashi mkononi. Kwenye kibanda cha Samy akakuta kufuli. Muuza mkaa wa pembeni akamwambia kwamba Samy alipigiwa simu alfajiri, baba yake mkubwa amekufa Kasaji, amepanda lori na kwenda. Atarudi matanga yakiisha. Kasaji, huko huko alikozaliwa Mama Kabedi. Alipiga simu mara nyingi, haikuita hata mara moja.

Karani aliyeandika barabara yetu alikuwa mama wa makamo, mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Mama Kabedi alimpa karatasi ya nyumba. Akampa cheti cha ndoa cha kanisa. Karani akavigeuza, akavirudisha.

"Hii karatasi inasema Ntambwe. Hii ya padri haina picha," alisema. "Mama, nitajuaje kama ni weye? Tafuta karte. Tuko hapa mpaka mercredi, siku ya tatu."

"Batu bote ba avenue banaijua mi," Mama Kabedi akamjibu. "Mi nimekala mu hii nyumba miaka makumi mbili na saba."

"Banakujua, mama. Kompyuta haikujue."

Mimi niliandikwa saa nne. Nilifungua fundo nikiwa nimempa Mama Kabedi mgongo.

Jumanne Mama Kabedi alikaa siku nzima mbele ya kibanda cha Samy, kwenye jua kali, akiomba kila lori litokalo upande wa Kasaji liwe limembeba Samy. Mchana nilimpelekea chakula. Dhambi ilikuwa imeanza kunitafuna, nikataka kuilipia kwa bei ndogo. Nikamwambia Philippe anazo mashine za kukata chuma, anaweza kuja dakika tano tu akakata ile kufuli. Tuchukue kadi, tumnunulie Samy kufuli nyingine.

Akanitazama kama nimetukana.

"Samy eko ku matanga, anazika tata yake," akasema. "Tumubomolee mulango? Hapana, Mama Mignonne. Akirudi atasema nini juu yetu?"

Hivyo ndivyo alivyo. Aliheshimu msiba wa mwenye duka, mlangoni pa kibanda chenye droo iliyofungia maisha yake. Nami niliyekuwa nimemwangusha kisimani ndiye niliyeketi kando yake nikimsaidia kula wali.

Jumatano mchana makarani walianza kukunja meza. Hapo Tata Josias, aliyekuwa amekaa varandani siku zote tatu akitazama tu, aliingia ndani, akanawa uso, akavaa koti. Kadi yake alikuwa nayo mfukoni: Ntambwe Josias, na picha.

"Shemeki," alimwambia Mama Kabedi kwa ile sauti yake ya upole, mbele yetu sote, "banafunga. Nipe karatasi. Jina ni moja. Mi nitaandikwa, ili nyumba ya ndugu yangu isipotee. Kiisha tutasikilizana mu familia."

Alikuwa na jambo gani la kuchagua? Nyumba isiyoandikwa ingebomolewa bure. Na mtu huyu juzi tu alimtetea mjane wa filamu. Mama Kabedi alimpa karatasi kwa mikono miwili, na akasema asante. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kitakukalia sebuleni na kula karanga zako.

Jumamosi Samy akarudi na nywele amenyoa. Akafungua droo. Kadi ilikuwepo, kwenye nailoni yake, safi, wala haikukunjika. Alipoambiwa mambo yaliyotokea aliweka mikono kichwani, akakataa malipo ya siku za nyongeza. Mama Kabedi alikwenda na kadi yake mpaka ofisi ya makarani. Wakamwambia orodha imefungwa, na nyumba ile ina mwenyewe tayari.

Malipo yalipotoka, yalitoka kwa jina la Ntambwe Josias. Familia ya Lubudi ilikaa, ikasema mwanamke hana mtoto na marehemu, nyumba imerudi kwa waliomzaa. Walimpa bahasha nyembamba kwa ajili ya safari, kana kwamba alikuwa mgeni aliyekawia. Tata Josias alibeba pia televisheni, akasema ni kumbukumbu ya kaka yake. Nasikia sasa ana pikipiki tatu za kukodisha, na Jumapili husoma somo la kwanza kanisani. Yule wa filamu angalau alikuja na gari jeusi, tukajua ni nani.

Sisi tulilipwa. Nyumba yetu mpya ina vigae, na ina televisheni kupita ile. Umeme haukatiki sana upande huu. Wiki ya kwanza nilikwenda kwa Samy nikakodi filamu ile ile, nikaketi peke yangu kwenye kochi jipya, nikaona mwisho. Mjane anashinda. Hakimu anampa nyumba, shemeji anapagawa na kuokota makaratasi barabarani, kwaya inaimba. Nilizima kabla majina hayajaisha kupita. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule hakimu wa uongo.

Mama Kabedi amepanga chumba kimoja Musonoi, nyuma ya nyumba ya watu. Anauza karanga barabarani kwa wachimbaji. Ilinichukua miezi minane kwenda. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua, ameshakonda, lakini kile kitambaa chake cha kufuma amekitandika juu ya kopo la maji. Alifurahi kuniona. Akanipa kigoda, yeye akakalia tofali. Akaniuliza habari za Mignonne, akauliza kama bado tunaona filamu. Nikasema hapana.

Kisha nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia ya Ijumaa, ya mume wangu kufunga mlango, ya kwamba nilijua watakuja, ya kwamba namba ya simu ilikuwa uongo, na kadi yangu ilikuwa mwilini mwangu wakati yeye anatoa ya kwake.

Aliendelea kuchambua. Ganda huku, punje huku.

"Mu pindo ya kikwembe," alisema.

Mkono wangu ukaenda kwenye fundo.

"Niliiona. Uliinama kuokota karanga, kona yake ikatoka. Filme ilikuwa inaanza."

"Yaya, uliiona? Na hukusema kitu?"

"Niseme nini?" aliuliza, na sasa ndipo alipoinua uso. Hakuwa na hasira, na ningetoa nyumba yangu yote kama angekuwa nayo. "Nilizani unaogopa tu Samy ataipoteza. Nikuaibishe mbele ya batu, mu nyumba yangu? Ulikuwa mugeni wangu."

Akachota karanga, akanitilia kwenye kiganja, akanifungia vidole juu yake, kama alivyofanya kila Jumapili.

Nilirudi kwa miguu mpaka barabara kubwa. Karanga sikuzila wala sikuweza kuzitupa. Kadi naibeba bado kwenye pindo la kitenge, mahali pale pale, na kila nikikaa kwenye lile kochi jipya, kona yake inanichoma.